Waokota chupa dampo la Pugu: kilo zinapotelea wapi?

Mdau_GMboto: Wakuu, habari. Kuna kikundi cha kina mama saba wanaookota chupa za maji dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar. Viroba vimejaa mpaka mdomoni, vikifika kwa mnunuzi wanaambiwa "zimelowa hizi, nakata kilo tano". Wafanyeje?

Mzani Sawa: Mkuu, chupa ya nusu lita ina gramu 15 hadi 20 hivi. Kilo moja ni chupa 50 mpaka 65. Maji ya kijiko kimoja cha chakula yakibaki ndani, uzito wake ni sawa na chupa nyingine nzima. Ndiyo maana mnunuzi anakata, na anakata kwa macho, siku zote akijipendelea. Wafungue vifuniko, wazipindue zichuruzike juani, ndipo wazikanyage. Ukikanyaga kifuniko kikiwa kimefungwa hewa haitoki, kiroba kinabeba upepo na nauli ya guta (toroli la magurudumu matatu) iko palepale.

Halafu mzani wenyewe. Jazeni maji chupa 10 za lita moja na nusu, mzitundike kwenye mzani: lazima usome kilo 15 na kidogo. Ukisoma 13, kwenye mzigo wa kilo 30 mmeshaibiwa kilo nne na zaidi kabla hata ya hiyo "imelowa".

Mama Skrepa: Vifuniko wasivitupe jamani! Ni plastiki nyingine kabisa: kwenye ndoo ya maji vinaelea, kipande cha chupa kinazama. Wavitenge, viende na ndoo na madumu yaliyopasuka. Chupa za mafuta ya kula wasichanganye, zinachafua kiroba kizima. Wakiokota nyaya wasizichome. Shaba iliyoungua inakuwa nyeusi na bei inashuka, na moshi wake ni sumu. Wachune kwa kisu.

Nesi wa Mtaa: Ongezeni fimbo yenye ndoano ya kuchokolea, maana glavu za mpira sindano inapita tu. Akichomwa, asikamue wala kufyonza. Aoshe kwa maji mengi na sabuni, awahi kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kukinga VVU mwisho ni saa 72. Aulizie pia chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B.

Mdau_GMboto: Shukrani. Na mnunuzi akigoma kupima hizo chupa 10 za maji za kujaribia mzani?

Mzani Sawa: Msimshushie mzigo. Tafuteni kikundi kingine, mjaze kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) kimoja, mpeleke moja kwa moja kwa anayesaga plastiki. Ila mpige simu kwanza mjue siku anazopokea, kirikuu kikilala kinadai hela.