Begi lile lile, shirika lile lile: kwa nini nilipimwa wakati wa kurudi na si wakati wa kwenda?

Msafiri wa Berlin

Ndugu zangu, naomba maoni yenu, hasa ninyi mnaosafiri mara kwa mara ndani ya Ulaya kwa mashirika ya ndege ya bei nafuu. Mwezi uliopita nilitoka Berlin kwenda Málaga kumtembelea dada yangu, kwa tiketi ile ya bei ya chini kabisa ambayo humruhusu abiria kubeba begi dogo moja tu, la kuwekwa chini ya kiti cha mbele yake. Begi langu ni dogo, la magurudumu, na nililinunua baada ya kusoma vipimo kwenye tovuti ya shirika lenyewe, yaani sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Siku ya kwenda, mhudumu wa getini alitazama pasi yangu ya kupandia ndege, akanitakia safari njema, na habari ya begi haikutajwa. Siku 5 baadaye, wakati wa kurudi, shirika likiwa lile lile na tiketi ya aina ile ile, niliitwa pembeni nikaambiwa nilitumbukize begi katika kile kisanduku cha chuma cha kupimia. Liliingia vizuri, kisha likakwama kabla ya kufika chini. Nikatozwa yuro 60, wakati tiketi yenyewe nilikuwa nimeinunua kwa yuro 34.

Fedha iliniuma, sikatai, lakini aliyenikaa moyoni ni kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Alibeba shanta mgongoni lililojaa mpaka zipu haikufunga hadi mwisho, na juu yake amening'iniza jozi ya viatu vya mpira. Huyo alipita bila kuulizwa neno. Nilipomwonyesha mhudumu, alinijibu kwa upole kabisa kwamba kwa wakati ule alikuwa anashughulikia begi langu.

Ninachotaka kujua ni mambo mawili. Kwanza, je, kule kuruhusiwa wakati wa kwenda kunanipa hoja yoyote ya kudai nirudishiwe fedha? Pili, ni nani hasa anayeamua kwamba huyu apimwe na yule aachwe?

Kanuni Kwanza

Pole sana ndugu, lakini jibu la swali la kwanza umekwisha kulitoa mwenyewe uliposema kwamba begi lilikwama. Vipimo vinavyoandikwa katika masharti huhesabu kila kitu kilichoshikamana na begi: magurudumu, mshikio na mifuko ya nje, ilhali wauzaji wengi wa mabegi huandika kwenye lebo kipimo cha mwili wa begi peke yake. Kama konda wa daladala alisahau kukudai nauli asubuhi, huwezi kumwambia konda wa jioni kwamba gari hilo ni la bure. Kuhusu kijana wa shanta, huenda alilipia nafasi ya begi la pili. Hilo huwezi kulijua kwa kumtazama mgongoni.

Aliyekaa Getini

Nimefanya kazi getini kwa miaka minne katika uwanja mmoja wa ndege huku Ulaya, kwa hiyo nitajibu swali la pili, ambalo naona ndilo lenye uzito.

Jambo la kwanza ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba yule mhudumu aliyevaa sare pale getini mara nyingi si mwajiriwa wa shirika la ndege. Ameajiriwa na kampuni ya huduma za uwanjani ambayo imeingia mkataba na mashirika kadhaa, na zamu moja anaweza kuhudumia shirika linaloruhusu sentimita 45 kwa 36 kwa 20, kisha baada ya saa moja akahamia geti la shirika linaloruhusu 40 kwa 30 kwa 20. Berlin na Málaga huenda ni kampuni mbili tofauti, zenye wasimamizi tofauti na maagizo tofauti, ingawa jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege ni moja. Wewe umeona shirika lile lile. Kwa upande wetu sisi tuliokuwa getini, hayo ni mahali pawili pasipojuana.

Jambo la pili ni muda. Mashirika haya hupata faida kwa ndege kukaa angani, na mengine hupanga ndege itue, ishushe watu, ipakie wengine na kuondoka ndani ya dakika 25 hivi. Ukiwa na foleni ya watu zaidi ya 180 mbele yako, na ndege imeshachelewa kwa dakika 15, huna nafasi ya kupima begi la kila mmoja, na msimamizi mwenyewe atakuja akwambie uache, maana ndege ikichelewa kuna maelezo ya kuandika. Siku ambayo ndege imewahi na imejaa, msimamizi huyo huyo atapita akisema, "Leo pimeni." Kwa nini ikiwa imejaa? Kwa sababu begi lisiloingia chini ya kiti huishia kwenye kabati la juu, na kabati la juu limelipiwa na wengine. Ndege ya Boeing 737-800 yenye viti 189 haina makabati ya kutosha mabegi ya magurudumu ya watu wote, hata yakipangwa kwa ubavu. Wakipanda waliolipia wakakuta kabati limejaa, ugomvi wote huhamia ndani, na wahudumu wa ndani ya ndege hutupigia simu sisi wa getini kutuuliza tulikuwa tunafanya nini.

Jambo la tatu nalisema kwa aibu kidogo. Jicho la mhudumu huona begi gumu lenye magurudumu kabla halijaona shanta. Begi gumu lina kona, halibonyei, na kisandukuni halibishani: limeingia au halikuingia. Shanta hubonyezwa. Nimewahi kumshuhudia mama mmoja akilikalia shanta lake ndani ya kisanduku mpaka likashuka, na tulimpitisha, kwa kuwa kweli liliingia. Basi anayetaka kumaliza kazi yake bila kelele humwita mwenye begi la magurudumu, na mwenye shanta hupita. Hakuna kanuni iliyoandikwa hivyo, lakini ndivyo tulivyofanya.

Kuna pia suala la bonasi. Mimi sikuwahi kulipwa chochote kwa begi nililolikamata, ila si siri kwamba wapo wanaolipwa: Ryanair walitangaza wazi kwamba kuanzia Novemba 2025 kiasi anacholipwa mhudumu kwa kila begi lililozidi vipimo kingepanda kutoka yuro 1.50 hadi 2.50, na kile kikomo cha yuro 80 kwa mwezi kikaondolewa. Mkuu wa shirika hilo husema nia ni kuwalinda abiria wanaofuata masharti. Inawezekana. Lakini mtu akishalipwa kwa kila begi, kisanduku hakiwezi tena kuitwa kipimo tu.

Bint Tanga, Sharjah

Kaka, huko kwenu wanapima kwa sentimita. Sisi tunaosafiri kati ya Ghuba na nyumbani kwa ndege za bei nafuu taabu yetu ni kilo. Shirika moja linakuruhusu kilo 7 mkononi, jingine kilo 10, na mizani inaweza kukukuta kaunta, getini, au isikukute kabisa.

Safari yangu ya mwisho kwenda Dar es Salaam nilipimwa kaunta, mizani ikasoma kilo 8.3. Kijana wa kaunta akaniambia nipunguze au nilipie. Nikafungua begi palepale, nikatoa mikebe miwili ya tende niliyokuwa nampelekea mama, nikaishika mkononi, mizani ikashuka mpaka 6.9. Akalifungia begi kile kikaratasi cha kuonyesha kwamba limekubaliwa, akanirudishia pasipoti, kisha akanitazama nikizirudisha tende begini mbele ya macho yake. Alitabasamu tu. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kipemba aliyevaa makoti mawili juu ya kanzu, nje nyuzijoto 40, mifuko yote imetuna kwa chaja na dawa. Naye alipita.

Sasa nauliza: uzito ule ulioondolewa begini ulikwenda wapi, ikiwa tende, mimi na yule mzee wa makoti sote tulipanda ndege ile ile?

Wakili wa Mbali

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa kuwa swali la kurudishiwa fedha limejibiwa kwa ufupi mno.

Ni kweli, kama alivyosema Kanuni Kwanza, kwamba kuvumiliwa mara moja hakuzai haki ya kuvumiliwa mara ya pili. Ukijenga dai lako juu ya Berlin litaanguka. Dai lenye nguvu zaidi ni lile linalouliza kama begi la kiasi hicho linaweza kutozwa fedha hata kidogo. Tarehe 18 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri lililolihusu shirika la Vueling. Kesi ilianzia kwenye masanduku yanayokabidhiwa kaunta, na hapo mahakama iliyaruhusu mashirika kutoza. Lakini katika kueleza sababu zake ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha abiria, kwa hiyo usitozwe nyongeza ya bei, mradi uwe na uzito na ukubwa unaokubalika kwa akili ya kawaida na utimize masharti ya usalama. Tatizo liko hapo kwenye "akili ya kawaida": mahakama haikutaja sentimita hata moja, na kila shirika likajaza pengo hilo kwa kisanduku chake.

Hispania, ambako ndiko ulikotozwa, imekwenda mbali kuliko nchi nyingine. Novemba 2024 wizara yake ya masuala ya walaji ilitangaza faini za jumla ya yuro milioni 179 kwa mashirika matano, yakiwemo Ryanair, Vueling na easyJet, na kutoza mzigo wa mkononi kulikuwa miongoni mwa makosa yaliyotajwa. Mashirika yalikwenda mahakamani. Kisha Oktoba 2025 Kamisheni ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, nayo ikafungua hatua za kisheria dhidi ya Hispania, ikisema kwamba sheria ya Umoja huo inayapa mashirika uhuru wa kupanga bei. Kabla ya hapo, Juni 2025, Kamati ya Uchukuzi ya Bunge la Ulaya ilipiga kura kupendekeza kwamba kila abiria aruhusiwe bila malipo kitu kimoja cha binafsi cha sentimita 40 kwa 30 kwa 15, pamoja na begi la hadi kilo 7 ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa havizidi sentimita 100. Ona basi: wizara inasema hivi, Kamisheni inasema vile, kamati ya bunge ina lake, na mhudumu wa getini anatakiwa aamue ndani ya sekunde kumi.

Ushauri wangu ni mdogo na wa vitendo. Dai stakabadhi inayoeleza ulitozwa kwa sababu gani. Piga picha ya begi likiwa ndani ya kisanduku, si la mwenzako, maana picha ya mtu mwingine haikusaidii na inaweza kukuletea matatizo mengine. Na likichukuliwa kwenda kuwekwa tumboni mwa ndege, toa kwanza pasipoti, dawa, kompyuta na betri ya akiba ya kuchajia simu, kwa kuwa betri hizo haziruhusiwi kusafiri kule chini. Hakikisha umepewa kile kipande cha lebo ya mzigo. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo uliokabidhiwa ukiharibika au kupotea mikononi mwa shirika, shirika linawajibika. Begi lililobaki mikononi mwako hulipiwa fidia pale tu hasara inapotokana na kosa lao. Watu huisahau lebo hiyo ya mzigo kwa sababu wamekwisha kasirika.

Kanuni Kwanza

Nakubali kuhusu jicho na shanta, hilo sikulifikiria. Bado nasema dawa ni kumpima kila mtu.

Aliyekaa Getini

Kila mtu, kwa dakika 25? Karibu getini, ndugu yangu.

Msafiri wa Berlin

Nawashukuru wote. Baada ya kusoma maelezo ya Kanuni Kwanza nilichukua futi ya kupimia nguo ya mke wangu nikalipima begi upya. Likiwa tupu ni sentimita 40 kwa 29 kwa 19, magurudumu yakiwemo. Halafu nikakumbuka kwamba siku ya kurudi dada yangu alinipa chupa ya mafuta ya zeituni, na kwa kuwa kimiminika kingi hakipiti ukaguzi nikaikataa, akanipa badala yake mfuko wa lozi, nikautia katika mfuko wa mbele wa begi. Nimeujaza mfuko huo kwa mchele wa kiasi hicho hicho, nikapima tena: sentimita 23. Kwa hiyo magurudumu niliyasingizia.

Hata hivyo nimeliandikia shirika. Stakabadhi yangu imeandikwa "begi limezidi" basi, bila kipimo wala jina la aliyepima, na nimewauliza lilizidi kwa sentimita ngapi na upande gani, na kama wanaweka kumbukumbu za mabegi waliyoyapima siku ile katika geti lile. Wamejibu kwa barua ya mashine kwamba nisubiri siku 28. Lozi tumekwisha kuzila.