Mrejesho: Tovuti yangu ya kazi iko hewani

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hivi: mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu, sina hela ya kulipia seva, naanzaje tovuti ya kuonyesha kazi zangu? Mlionielekeza GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani bure, asanteni sana. Sijatoa hata shilingi, ukiacha bando.

Kilichonitesa ni picha. Kwenye laptopu zinafunguka zote, nikizipandisha naona vijisanduku vitupu. Siku mbili nahangaika! Kumbe faili linaitwa Daraja.JPG, mimi kwenye kodi (code) ya ukurasa nimeandika daraja.jpg. Windows yangu haikujali herufi kubwa na ndogo, kule GitHub zinajaliwa. Nikageuza majina yote kuwa herufi ndogo, zikatii.

Yule aliyeniambia nifute vile vimistari vya kujipimia ujuzi wa programu za kuchorea, "AutoCAD 90%", nilinuna kidogo, ila alikuwa sahihi (asilimia 90 ya nini, hasa?). Badala yake nimeweka michoro mitatu ya kalavati niliyochora fildi, kwa ruhusa ya msimamizi, na chini ya kila mmoja nimeeleza alichonisahihisha. Namba ya simu nimeitoa, imebaki barua pepe. Jina la tovuti la .tz nitanunua boom (hela ya mkopo wa chuo) likiingia.