Ukombozi na umoja: nianzie wapi?

Kiongozi wa jumuiya, Moshi
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina saa moja na nusu ya kufundisha kundi la Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste. Nikianza na umoja, wanaishia kubishana ubatizo. Nifanyeje?

Mwalimu wa kipaimara
Tatizo ni mpangilio. Usianze na Waefeso 4. Soma 1:7, ukombozi kwa damu. Kisha 2:11-18, ukuta uliobomolewa kati ya Wayahudi na mataifa. Hapo tenga dakika arobaini, ndipo penye kiini. Waliopatanishwa na Mungu msalabani wamefanywa mwili mmoja papo hapo. Ndiyo maana 4:3 inaagiza *kuuhifadhi* umoja, haisemi tuuanzishe. Ukigeuza mpangilio huo, umoja unakuwa kazi ya kamati.

Ongeza Walawi 25:47-49: ndugu anamkomboa aliyejiuza. Watu wa kihamba, yaani shamba la ukoo, wataelewa haraka.

Katekista
Mtu atauliza, "Fidia alilipwa nani?" Wapo walimu wa kanisa wa kale waliosema shetani; Anselm wa Canterbury, mwanateolojia wa zama za kati, alilikataa hilo. 1 Petro 1:18-19 inataja gharama, haimtaji mpokeaji. Jibu hivyo, usonge mbele.

Mzee wa kanisa, Arusha
Wakumbushe Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, Augsburg, 31 Oktoba 1999, kati ya Walutheri na Wakatoliki. Wamethodisti waliliunga mkono 2006. Ila halikufungua meza moja ya Bwana, kwa hiyo usiweke ushirika kwenye ratiba. Funga kwa Sala ya Bwana.

Kiongozi wa jumuiya, Moshi
Asanteni, watumishi. Na ubatizo wakiuleta?

Mwalimu wa kipaimara
Upangie siku yake.