Queen: kukusanya rekodi adimu, na kaseti inayokwenda mbio

Kanda_C90
Habari zenu wakuu. Naandaa mkusanyo wa rekodi za Queen ambazo hazimo kwenye albamu zao za kawaida, kuanzia enzi za Smile, bendi iliyotangulia Queen, kabla ya mtoto wa Unguja Freddie Mercury kuingia bendini, hadi 1991. Ninazo santuri ndogo zenye nyimbo za upande wa pili, CD za vipindi vya BBC, na kaseti mbili za onyesho la Uingereza, miaka ya 70, lililorekodiwa na mtu aliyekuwa ukumbini. Je, nipange kwa mwaka wa kurekodiwa au wa kutoka? Na hizo kaseti zinakwenda mbio, sauti ya Freddie imepanda. Kasi sahihi naijuaje bila kubahatisha kwa sikio?

Upande_wa_Pili
Panga kwa tarehe ya kurekodiwa, mwaka wa kutoka uandike pembeni. Ukifuata mwaka wa kutoka, "Mad the Swine" itaangukia 1991 pamoja na singo ya "Headlong", wakati ni wimbo uliorekodiwa kwa ajili ya albamu ya kwanza.

Nyimbo za upande wa pili, hakikisha unazo hizi: "See What a Fool I've Been" (1974), "A Human Body" (1980), "Soul Brother" (1981, nyuma ya "Under Pressure"), "I Go Crazy" (1984), kisha za 1989: "Hang On in There", "Stealin'" na "Hijack My Heart". "Lost Opportunity" ni ya 1991. Watu wengi hunaswa na "My Life Has Been Saved": ya 1989 iliyo nyuma ya "Scandal" si ile ya albamu ya 1995, ile ilitengenezwa upya. Usiichukue kwenye albamu ukadhani umemaliza. Vilevile "See What a Fool I've Been" iko ya santuri na iko ya BBC ya Julai 1973, na zote mbili zinastahili kuwemo.

"I Can Hear Music" ya 1973 ilitoka kwa jina la Larry Lurex. Usiiache eti kwa kuwa lebo haisemi Queen; anayeimba ni Freddie, na wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, wamo.

Kwa BBC tumia *On Air* ya 2016, ina vipindi vyote sita, nyimbo 24. CD ya 1989 ina viwili tu. Zile nyimbo tano za majaribio za studio ya De Lane Lea, 1971, zichukue kwenye toleo la 2011 la albamu ya kwanza. Mikwaruzo utakayosikia humo ni ya diski ya aseteti (diski laini ya majaribio inayochakaa haraka) aliyoitunza Brian May. Iache ilivyo, ukiisafisha unakula na matoazi.

Mvumo50
Mimi nijibu la kasi. Kabla ya kompyuta, anza na deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti. Pembeni ya hedi, kile kichwa kinachosoma tepu, kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mkao wake. Weka sauti iwe mono, chukua bisibisi isiyo na sumaku, zungusha taratibu, chini ya robo mzunguko, mpaka uisikie hi-hat (matoazi mawili ya ngoma) ikifunguka. Fanya hivyo kwa kila upande wa kaseti. Mkao ukiwa mbaya sauti nyembamba hazinaswi, na ekwalaiza haizirudishi.

Halafu tafuta mvumo wa umeme. Uingereza umeme ni 50 Hz, na mvumo huo huingia kwenye rekodi kupitia vikuza sauti vya jukwaani. Kata kipande cha kimya kati ya nyimbo, kifungue kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), chora spektramu, yaani grafu ya nguvu ya sauti kwa kila Hz, kwa ukubwa wa 65536. Usisome kwenye 50, maana hatua moja hapo ni kama 0.67 Hz na kosa linakuwa kubwa. Soma karibu na 300, ambayo ni 50 mara sita, maana mvumo hujirudia kwenye mafungu ya 50. Onyesho la Marekani lina 60. Japani inategemea mji: Tokyo 50, Osaka 60.

Queen wana faida ya ziada. Kipande cha opera cha "Bohemian Rhapsody" hawakukiimba jukwaani, kilipigwa kutoka kwenye tepu ya studio, na "God Save the Queen" ya kufungia nayo ni tepu. Zilinganishe na albamu ya 1975. Mashine ya jukwaani iliweza kupotoka kidogo, lakini zikitofautiana na mvumo kwa zaidi ya asilimia 1, rudi upime upya.

Kanda_C90
Nimepima mkuu. Naona mistari miwili: 308.4 na 300 kamili. Nifuate upi?

Mvumo50
Fuata 308.4. Ule wa 300 kamili umeingia wakati wa kuihamishia kwenye kompyuta, haujui lolote kuhusu ukumbi. 300 kugawa kwa 308.4 ni 0.973, kwa hiyo punguza kasi kwa asilimia 2.72. Tumia amri inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja, usitumie ya kubadilisha sauti peke yake.

Pima mwanzo, katikati na mwisho wa kila upande. Betri za kinasa sauti zikichoka, tepu hutembea polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo ukiicheza sauti inazidi kupanda kadiri onyesho linavyoendelea. Rekebisha kwa vipande, na viungio viwe kwenye makofi.

Faili_Safi
Nyongeza kwa faili utakazopewa na wengine. Angalia spektramu kabla ya kuziamini. MP3 ya kiwango cha chini hukatika kama kwa kisu karibu na 16 kHz hata ikiwa imefungwa upya kuwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora. Redio ya FM nayo huishia karibu na 15, ila mara nyingi utaona mstari mwembamba kwenye 19 kHz. Hiyo ni alama ya stirio, si kasoro. Kaseti halisi hufifia taratibu na ule mchakacho wake unaendelea juu.

Tunza nakala ghafi ya 24-biti bila kuigusa, marekebisho fanyia kwenye nakala nyingine. Kila onyesho liwe na faili ya maandishi: tarehe, ukumbi, kaseti ni kizazi cha ngapi (asili, nakala, au nakala ya nakala), deki gani, na umepunguza kasi kwa asilimia ngapi. Hiyo namba ya 2.72 iandike leo.