Seli zinashikana mabonge nikishazichochea, nifanyeje?

Kijana wa Maabara: Wakuu, salaam. Nachochea PBMC (seli nyeupe za kinga kutoka kwenye damu) kwa PHA, dawa ya kuziamsha zigawanyike. Siku ya tatu nikichungulia kwenye hadubini naona vichala kila kona. Nikizipeleka kwenye flosaitometa (mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga), mashine inaziba. Nawaza kutia EDTA kwenye media (maji ya kukuzia seli) tangu mwanzo. Inafaa?

Pipeti Mkononi: Usithubutu mkuu. EDTA inakamata kalsiamu, na seli T, hizo za kinga zinazoitikia PHA, bila kalsiamu haziamki. Utapata seli zimetengana vizuri, lakini zimelala fofofo. Halafu hivyo vichala ni dalili njema: seli ikichochewa hujishikiza kwa jirani kupitia LFA-1 na ICAM-1, protini za kushikana zilizo juu ya seli. Usipoviona kabisa ndipo uwe na wasiwasi. Tena PHA inatoka kwenye maharage, na kunatisha seli ndiyo asili yake. Kabla mtafiti Peter Nowell hajaonyesha mwaka 1960 kwamba inazifanya seli nyeupe zigawanyike, watu waliitumia kunatisha seli nyekundu tu.

Kijana wa Maabara: Sawa, ila za kupimwa nazitenganishaje?

Pipeti Mkononi: Hapo sasa ndipo zamu ya EDTA. Osha kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, yenye EDTA milimola 2 na seramu kidogo. Acha dakika 10 kwenye barafu, pandisha-shusha pipeti taratibu, chuja kwa chujio la mikroni 40. Hata monosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) zilizong'ang'ania chini ya sahani huachia. Usipige pipeti mpaka povu. Seli zikipasuka, DNA inamwagika na mabonge yanaongezeka.

Dada Sentrifuji: Samahani, hizo seli ni mbichi au zimegandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika?

Kijana wa Maabara: Nitrojeni, dada.

Dada Sentrifuji: Basi angalia vitundu vya sahani ambavyo hukutia PHA. Navyo vina mabonge?

Kijana wa Maabara: Vinayo. Yanavutika kwenye ncha ya pipeti kama makamasi.

Dada Sentrifuji: Hiyo ni DNA ya seli zilizokufa, PHA umeisingizia. Yeyusha haraka kwenye maji ya nyuzi 37, ongeza media ya vuguvugu tone kwa tone, tia DNase (kimeng'enya kinachokata DNA), osha, zipumzishe usiku kucha ndipo uchochee. DNase inataka magnesiamu, kwa hiyo usiikutanishe na EDTA.

Pipeti Mkononi: Naunga mkono. Na kwenye uchambuzi, ondoa seli pacha (mbili zilizoshikana, mashine ikazihesabu moja) kwa kulinganisha eneo na kimo cha ishara ya mwanga unaotawanyika mbele. Chujio halimalizi zote.