Kibodi ya Kirusi: niendelee na ya kifonetiki au nijilazimishe ЙЦУКЕН?

Podfak_Mbeya

Wakuu, salaam. Niko Voronezh, mwaka wa lugha kabla ya kuanza uhandisi; huku wanauita podfak. Kuongea kunasogea. Kinachonitoa jasho ni kuchapa.

Laptop yangu ni ya Kariakoo, haina hata herufi moja ya Kirusi. Nikanunua zile stika za kubandika juu ya vibonye. Za О na А zimeshachakaa, maana ndizo zinazogongwa kutwa nzima. Ya Ъ bado inang'aa kama imetoka dukani leo.

Kwa hiyo nikaweka mpangilio wa kifonetiki: ukigonga R inatoka Р, ukigonga D inatoka Д. Raha mustarehe. Lakini mwalimu wetu hataki hata kuusikia. Anataka ЙЦУКЕН, ule wa Warusi wenyewe, ambao Р imekaa kwenye H na В imekaa kwenye D. Sasa ukisahau kubadili lugha, «привет», yaani "mambo", inatoka «ghbdtn». Ukisahau upande wa pili ndiyo balaa: nilimwandikia bimkubwa "shikamoo mama" kupitia laptop, ikaenda «ыршлфьщщ ьфьф». Alinipigia usiku huohuo akijua nimeibiwa simu.

Wenyeji wa huku, nishauri nini kichwa changu? Na kama mna vituko vya maneno leteni. Mimi naanza na jamaa yangu wa Tabora. Siku ya kuingia hosteli, mama wa mapokezi akamuuliza: «Фамилия?» Jamaa akaanza kuhesabu kwa vidole: baba, mama, wadogo wanne. Mama akarudia kwa sauti ya juu. Jamaa akaongeza na bibi. Kumbe anaulizwa jina la ukoo tu! Familia yenyewe wanaiita семья.

Wanjiku_Piter

Sikiza mwalimu wako. Mimi nimemalizia masomo Saint Petersburg, na nimeona watu wakiumia na hiyo ya kifonetiki. Kwa laptop yako iko sawa. Shida inaanza ukikalishwa kwa kompyuta ya maktaba au ya maabara siku ya mtihani: hapo ni ЙЦУКЕН na hakuna wa kukubadilishia. Tena hiyo ya kifonetiki haina mpangilio mmoja. Ya Mac ni tofauti na ya Windows, ambayo unaandika s halafu h ndiyo upate ш. Utajifunza mara mbili bure.

Kitu kingine hakuna mtu hukuambia: kibonye cha C. Kwa ЙЦУКЕН, С ya Kirusi iko papo hapo kwa C ya Kilatini, na kwa macho ni herufi ileile. Kompyuta inaziona mbili tofauti. Ukianza jina la faili na C ya Kilatini halafu ulitafute kwa С ya Kirusi, utaapa limefutwa. Nywila pia ni hivyo hivyo. Kabla ya kulaumu mtandao, angalia lugha kule chini kwa kona.

Kwa simu usihangaike kutafuta Ъ na Ё. Shikilia Ь kidogo, Ъ inatokea. Shikilia Е, Ё inatokea. Ingawa Warusi wenyewe wakichati huandika Е tu na kusonga mbele.

Mzee_wa_Leningrad

Wanangu, nyinyi mnalia na kibodi. Sisi miaka ya 80 tulilia na daftari. Mwandiko wa mkono wa Kirusi ni jambo jingine kabisa: т inageuka m, д inageuka g, и inageuka u. Mwambie mwalimu aandike «лишишь» ubaoni kwa mkono wa haraka. Utaona uzio wa miti, hakuna neno.

Ila kibodi haimwaibishi mtu kama mkazo. «Плачу» ukikaza mwisho, unasema unalipa. Ukikaza mwanzo, unalia. Tulikuwa na mwenzetu kila akifika kwa keshia anatangaza kwamba analia. Yule mama akamzoea, akawa anamjibu "usilie mwanangu, toa hela tu".

Kisha kuna hiyo ы, ambayo sisi hatuna. Mwenzetu mwingine, wa udaktari, alisimama mbele ya darasa aseme «я хочу быть врачом», nataka kuwa daktari. Ы ikamtoka и. Быть ikawa бить, yaani kupiga. Profesa, naye daktari, akasogeza kiti nyuma.

Na mkiwa kwenye basi punguzeni sauti ya Kiswahili chetu. "Kaka" kwao ni kinyesi kwa lugha ya watoto. "Huyu" na "huyo" ndiyo msizitaje kabisa mbele ya bibi wa Kirusi. Zinakaribia mno tusi lao zito kuliko yote. Sisi tulikuwa tunasema "bwana yule".

Podfak_Mbeya

Shikamoo mzee! Sasa nimejua kwa nini juzi kwenye basi bibi mmoja alinikazia macho kituo hadi kituo. Nilikuwa namsimulia mwenzangu habari za dereva, "huyu" kila sentensi.

Dada Wanjiku, ya C nimeijaribu sasa hivi. Ripoti ya fizikia niliyoitafuta wiki nzima ipo, imekaa hapohapo kwenye folda. Ahsante sana. Kuanzia leo naondoa kifonetiki.

Swali la mwisho: wanadarasa wa Kirusi wananiandikia «привет)» na «ок)))». Mabano yanafungwa bila kufunguliwa. Nilidhani kibodi zao mbovu.

Wanjiku_Piter

😂 Hayo ni tabasamu. Kwa ЙЦУКЕН ya Windows nuktapacha iko Shift na 6, mabano ya kufunga Shift na 0. Nani atasumbuka na zote mbili? Wakaacha macho, wakabaki na mdomo. Moja ni adabu tu, tatu ni kicheko. Lakini ukiona «(» ujue mtu amenuna, muulize kuna nini.