Mtoto njiti na matone ya chuma: mavyaa anataka niache, nifanyeje?

UmmuNasra_Wete: Asalaam aleykum ndugu zangu. Nna mtoto wa kiume kazaliwa wiki 31, gramu 1,400, tumekaa wodini wiki 5 namlea kifuani kwa kangaruu mpaka tukaruhusiwa. Sasa ana wiki 9, kilo 2.3. Tulipotoka tulipewa matone ya chuma na ya vitamini D tukaambiwa mpeni kila siku, basi maelezo yakaishia hapo. Tangu aanze chuma choo kimekuwa cheusi, mavyaa kaona kashtuka, anasema acha hiyo dawa, yeye anakumbuka hapahapa Pemba watoto walipewa chuma wengine wakaumwa sana na wengine wakafa. Leo siku ya tatu sijampa na usiku silali namtizama tu. Halafu wiki hii kaongezeka gramu 70 tu, za nyuma alikuwa anapanda 150 mpaka 200. Mwenye kujua anambie.

mama_mapacha: Pole shoga. Wangu wote wawili choo kilikuwa cheusi, ni chuma hicho. Ila ukiona damu, au anatapika na tumbo limejaa, usingoje asubuhi.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, mavyaa wako hajazua. Utafiti ulikuwepo hapa Pemba, majibu yakatoka 2006 kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Watoto wa mwezi 1 mpaka miaka 3 walipewa chuma na foliki asidi bila kuangaliwa kwanza nani anacho na nani hana, na malaria wakati ule ilikuwa kali, waliopewa wakalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, ndo chuma kikasimamishwa 2003. Lakini humohumo, waliopimwa wakakutwa hawana chuma na damu imepungua walinufaika nacho.
Wako habari nyingine. Chuma mtoto anakichukua kwa mama miezi 3 ya mwisho tumboni, huyu kaondoka bandarini mzigo haujapakiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 ulisema aliyezaliwa chini ya gramu 1,500 na ananyonya maziwa ya mama apewe miligramu 2 mpaka 4 kwa kila kilo kwa siku, toka wiki ya 2 mpaka miezi 6. Kwa kilo 2.3 ni kama miligramu 5 mpaka 9. Usinipigie hesabu ya matone kwa kukisia, chupa hazilingani nguvu, nenda na chupa yenyewe wakuhesabie na sirinji. Na chupa uiweke juu watoto wasiifikie, chuma kingi kinaua mtoto. Chandarua kila usiku, akichemka mwili hospitali siku hiyohiyo.
Ukifika uliza pia kalsiamu na fosforasi, kwa uzito aliozaliwa nao maziwa peke yake hayatoshi mifupa. Vitamini D usikate.
Sasa hizo gramu 70 ndo zinanikera. Anapewa kitu gani zaidi ya ziwa?

UmmuNasra_Wete: Maji ya moto kidogo usiku akilia, vijiko viwili vitatu 😔

Nesi_Mstaafu: Basi acha leo. Tumbo lake dogo, maji yakijaa maziwa yanakosa pa kukaa, na dawa ya madini hainenepeshi mtoto asiyeshiba. Mnyonyeshe kila saa 2 au 3 hata kama kalala, akichoka kunyonya kamua umpe kwa kikombe. Kifuani umrudishe, wiki 31 na 9 ni 40, ndo kwanza angekuwa anazaliwa huyo.

baba_Chake: Mchukue na bi mkubwa mwende nae akasikie mwenyewe. Sie ndo ilivyotusaidia.

UmmuNasra_Wete: Nimerudi. Tumekwenda wote na mavyaa, kauliza yeye kuliko mie. Kumbe dozi ilikuwa ya uzito wa zamani, imepandishwa, na kaandikiwa fosforasi na kalsiamu ila kalsiamu tusiipe kwa wakati mmoja na chuma. Damu imechukuliwa ya kuangalia mifupa. Maji yameisha toka juzi. Sasa hivi mavyaa kamfunga kifuani na kanga mie nikalale. Alkhamisi tunapima tena.